Feza ya Mateka: Habari ya Mtakatifu Sipriani wa Kartago

Ndugu, karibu na mwaka wa 253 Wakristu wa Kartago, mji wa nchi inayoitwa leo Tunizia, walikusanya sesterse 100.000 wakomboe watu ambao wengi wao hawakuwajua. Barua iliyosindikiza feza hiyo ingali nasi.

Tukumbuke kwanza walikuwa watu wa hali gani. Mwaka wa 250 Kaisari Desio alikuwa ameamuru raia wote watolee miungu sadaka. Wengi walianguka, wengine walitiwa kifungoni, wengine walipotewa na mali, na Sipriani, askofu wao, alijificha. Halafu wakagombana vikali juu ya kuwapokea tena walioanguka. Ugomvi ule haujapoa, mwaka wa 252 ugonjwa mkubwa wa kuambukiza ukaingia mjini. Watu walitupa wagonjwa wao inje, kana kwamba kifo kingetoka pamoja nao.

Sipriani akawaita waamini. Aliwaambia kwamba Mkristu anayetunza wenzake peke yao hajampita mpagani. Neno gumu hilo: jirani aliyelala njiani pengine ndiye aliyewashtaki miaka miwili mbele! Shemasi Ponsyo, aliyeandika maisha yake, asimulia kwamba kazi iligawanywa kwa watu wote: tajiri walitoa mali, na maskini wasio na kitu walitoa mikono yao, ambayo ilikuwa na bei kupita mali.

Baadaye maaskofu wanane wa Numidia wakaandika: washenzi wa mipakani wamewateka ndugu zetu, hata mabikira. Sipriani alijibu kwamba katika mateka tumwone Kristu. Yeye aliyetukomboa kwa damu, sisi tumkomboe kwa feza. Tena akawashukuru wale walioomba, kwa sababu waliwapa watu wa Kartago nafasi ya kutenda mema, na akawasihi waandike upesi kama shida ikirudi. Pamoja na feza alituma majina ya watoaji, wakumbukwe katika sala na katika sadaka ya Misa.

Hapo naona haya kidogo. Katika parokia moja nilimokuwa padri kijana, tulisoma majina ya watoaji kwa sauti kubwa, kila mtu na kiasi chake. Makofi yalikuwa mengi. Mwisho wa mwaka wajane waliacha kuleta, nami sikuuliza sababu. Sisi tulipeleka majina kwa masikio ya watu. Sipriani aliyapeleka altareni.

Wala hakuwabembeleza matajiri. Katika kitabu chake juu ya matendo mema na sadaka, amkemea mwanamke tajiri anayekuja Misa ya Dominika mikono mitupu, kisha anapokea sehemu ya sadaka iliyoletwa na maskini. Ni mapadri wangapi wangethubutu kumwambia hivyo mama anayelisha misioni?

Mwaka wa 257, wakati wa Kaisari Valeriano, alihamishwa kwa nguvu mpaka Kurubi. Tarehe 14 Septemba 258 alihukumiwa kukatwa kichwa karibu na Kartago. Mbele ya kufumbwa macho, aliagiza watu wake wampe mwuaji vipande 25 vya zahabu.