Urithi wa Kilatini katika Uainishaji wa Maneno ya Kiingereza

Mwanafunzi anayetakiwa kutaja aina ya neno la Kiingereza hudhani kwamba aina hizo zimo katika lugha yenyewe, zikingoja kutambuliwa tu. Historia yaonyesha vinginevyo.

Sarufi ya Kigiriki inayonasibishwa na Dionysius Thrax, mtaalamu wa karne ya 2 K.K., iligawa maneno katika mafungu manane. Kivumishi hakikuwa na fungu lake; kilihesabiwa ndani ya nomino, kwa kuwa vyote viwili hubadili miishio kwa namna moja. Warumi walipourithi mgawanyo huo, walikuta kwamba Kilatini hakina kibainishi, yaani neno la aina ya "the". Walikiondoa, wakaingiza kihisishi, na idadi ikabaki manane.

Mwaka 1586 William Bullokar alichapisha sarufi ya kwanza ya Kiingereza. Naye aliyashika manane ya Kilatini, hata kibainishi kikakosa fungu ingawa Kiingereza kinacho. Kufikia mwaka 1795, Lindley Murray alitaja mafungu tisa, kibainishi na kivumishi vikiwamo.

Hata hivyo, tatizo la msingi lilibaki. Kiingereza kilikuwa kimepoteza miishio mingi, na umbo la neno halikutosha tena kulitambulisha. Neno "round" laweza kuwa nomino, kivumishi, kitenzi, kielezi au kihusishi pasipo kubadilika hata herufi moja. Nafasi yake katika sentensi ndiyo huamua. Charles Fries wa Marekani aliizingatia hoja hii mwaka 1952. Akitumia mazungumzo ya simu yaliyorekodiwa, aliyaacha majina ya kale, akapata aina kuu nne pamoja na makundi 15 ya maneno ya kisarufi.

Suala hili latuhusu sisi pia. Tunasema "mtoto mzuri" na "watoto wazuri": kivumishi chetu huvaa kiambishi cha nomino, jambo ambalo Mgiriki yule angelielewa upesi kuliko Mwingereza. Kwa hiyo, tunapowafunza wanafunzi aina za maneno, za Kiingereza au za Kiswahili, haifai kuanza na orodha ya majina ya kukariri. Tuanze na swali: je, neno hili limetambuliwa kwa umbo, kwa nafasi, au kwa maana? Asiyejua kigezo hukariri tu uamuzi wa watu wengine kuhusu lugha nyingine.