Mbao Hunywa Kwanza: Habari za Sitaha, Sifa na Zulia

Ndugu zangu wa ukoo, mlioko Jeddah na mlioko Riyadh, nanyi mliotoka Unguja, Mombasa na Maskati kuja kuonana nasi:

Kamati imeniomba ukurasa wa historia kwa ajili ya kijitabu hiki. Nilikuwa mtumishi wa serikali kwa miaka 30 kabla ya kustaafu na kuhamia huku kwa wanangu, na ofisi ilinifunza kwamba barua isiyotaja shauri lake mapema huishia kabatini. Basi nalitaja: katika mkutano huu tutaulizwa kama tuiuze mashua yetu iliyopandishwa pwani kwenye hori ya Obhur, au tuitengeneze sitaha yake upya. Kabla hamjanyosha mikono, nawasihi msome habari hii ya mbao, mafuta na mazulia. Mwanzo wake ni wa zamani kuliko ukoo wetu. Mwisho wake unanihusu mimi.

Mwaka 1183 msafiri wa Andalusia, Ibn Jubayr, aliivuka Bahari ya Shamu kutoka bandari ya Aydhab, upande wa Afrika, hadi Jeddah. Alivieleza vyombo vya njia ile kwa makini ya fundi. Havikuwa na msumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na matanga yalikuwa ya majani yaliyosukwa. Chombo kilipokwisha kushonwa kilipakwa samli, au mafuta ya mbarika, au mafuta ya papa, na haya ya papa, asema, ndiyo yaliyo bora. Mafuta hayo yaliulainisha ubao ili ustahimili miamba ya baharini. Wala hakuficha ubaya wa wenye vyombo: waliwajaza mahujaji kama kuku tunduni, kwani nauli ya safari moja ilirudisha gharama ya chombo kizima, na yatakayokipata baada ya hapo hawakuyajali.

Mtu wa pwani yetu hahitaji kufasiriwa maneno hayo. Mtepe wa Lamu nao ulishonwa kwa kamba za nazi na kwenda kwa tanga la mkeka. Na mafuta ya papa ndiyo sifa, ambayo majahazi ya misumari yaliirithi mitepe ilipotoweka.

Babu yetu, ambaye wengi wenu hamkumdiriki, alikuwa fundi wa kalafati Nungwi. Nikiwa mtoto nilimshikia kikapu cha pamba. Chombo kilipandishwa wakati wa bamvua, maji yakitoka kikabaki mchangani. Sehemu ya chini ilikwanguliwa, ikaunguzwa kwa mienge ya makuti ili kuwaua wadudu watoboao mbao, kisha ikapakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu. Katikati ya mbao na mbao alishindilia pamba iliyoloa mafuta, kwa chembeu na nyundo. Sehemu za juu, pamoja na sitaha ya tezi anapokaa nahodha, zilinywa sifa.

Nasema zilinywa, kwa kuwa hilo ndilo neno lake. Alipaka, akangoja siku, akapaka tena, mpaka ubao uliposhiba. Ncha za mbao alizipaka zaidi, kwani ubao hunywea ncha kuliko ubavu. Baada ya hapo ndipo nahodha aliporuhusiwa kutandika mkeka au zulia la kukaribishia wageni bandarini. Na zulia lenyewe lilikunjwa kila asubuhi, likaanikwa. Babu hakuihofia chumvi. Aliihofia mvua. Sayansi inamthibitisha: maji ya bahari huchelewesha kuoza, bali maji matamu yakituama penye kivuli na joto huwapa kuvu chakula na makao.

Labda mtauliza kwa nini wazee wetu hawakutumia vanishi, na ilhali sandarusi, ambayo ni asili ya vanishi bora za karne ya 19, ilichimbwa Mrima na kusafirishwa kutoka Unguja. Wafanyabiashara wa Salem, Marekani, waliinunua kwa wingi, hasa baada ya mkataba wa Sayyid Said na Marekani wa mwaka 1833. Jibu ni kwamba vanishi hukaa juu ya ubao kama ngozi, na jua letu huipasua. Maji yakiingia kwenye ufa hayatoki. Sifa huingia ndani. Vanishi ilikwenda kung'arisha samani za ng'ambo, na majahazi yetu yakaendelea kunuka papa.

Sasa naja kwenye kosa langu. Mwaka 2016 mpwa wangu aliinunua mashua ile ya mbao, kuukuu lakini nzima, ili watoto wa ukoo wapate kuionja bahari. Ndugu zetu wa Riyadh, kwa ukarimu wao, walileta zulia la sufi kutoka soko la Al-Zal, jirani na ngome ya Masmak. Riyadh hewa ni kavu. Zulia kama lile laweza kukaa miaka 40 bila kupata doa. Jeddah hewa ni ya unyevu usiku na mchana. Sitaha ilikuwa kavu, nyeupe, yenye kiu. Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, tutandike?"

Nilijua la kujibu. Lakini wageni walikuwa wamevaa kanzu safi, na niliona haya kutaja mafuta yanukayo mbele ya wakwe. Nikasema, "Tandikeni."

Kila Ijumaa vijana waliosha chumvi kwa maji ya bomba, wakidhani wanaitunza. Maji yalikaa chini ya zulia. Mwaka 2018, katika mkutano kama huu, mjukuu wangu wa miaka minane alikimbia kwenye sitaha, na ubao ukazama chini ya mguu wake. Alishonwa nyuzi sita, na kovu analo hata leo. Tulipolifunua zulia, mbao zilimeguka mkononi kama mkate uliolowa chai. Juu palikuwa pazuri siku zote.

Ibn Jubayr aliwalaumu walioijali nauli kuliko roho za watu. Mimi nilijali heshima ya kikao kimoja, na sioni kama kosa langu ni jepesi kuliko lao.

Rai yangu ni kwamba tusiiuze. Sitaha ing'olewe, kila boriti ichomwe kwa msumari, na penye ulaini pakatwe. Mbao mpya zikauke kabisa kabla ya kupigwa. Zipakwe dawa ya kuzuia kuvu, kisha epoksi nyepesi mara tatu, pande zote, pamoja na ncha na ndani ya kila tundu la skurubu. Wanaotaka sifa tutawaletea kutoka Nungwi, lakini wachague moja, kwani epoksi haishiki penye mafuta. Zulia liwe la nailoni, lifungwe kwa vifungo, lisigandishwe kwa gundi, na kila jioni likunjwe. Zulia la sufi lirudi Riyadh, mahali pake, kwa shukrani zetu zote.

Gharama ni kubwa, nami nitatoa fungu langu la kwanza. Wahenga walisema, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sisi tumetawanyika tezi na omo. Nataka watoto wetu wakikimbia kuja kuonana, mbao ziwabebe.