Nyimbo za Wajapani za mwezi wa Mei na nafasi ya mama ndani yake

MWEZI wa Mei nchini Japani ni mwezi wa kuliaga baridi na kukaribisha joto. Maua ya mcheri yamekwisha kupukutika katika sehemu nyingi za nchi, mashamba ya mpunga yanaanza kujazwa maji, na watoto wa shule huimba nyimbo zilizotungwa kabla babu na nyanya zao hawajazaliwa. Ndio pia mwezi wa kumshukuru mama. Hata hivyo, anayezichunguza nyimbo hizo hukumbana na jambo la kushangaza. Zile zinazousifu msimu huu aghalabu hazimtaji mama, ilhali zile mashuhuri zinazomsifu mama zimejaa baridi, jasho na machozi.

Mathalani, tarehe 5 Mei ni Siku ya Watoto. Asili yake ni sherehe ya wavulana, lakini Sheria ya Sikukuu za Kitaifa ya mwaka 1948 iliifanya kuwa ya watoto wote. Kwa mujibu wa sheria hiyo, shabaha ya siku hiyo ni kuheshimu utu wa mtoto, kumtafutia furaha na, pamoja na hayo, kumshukuru mama.

Siku hiyo familia hutundika juu ya mlingoti mifuko mirefu ya kitambaa yenye umbo la koi, samaki ambaye katika hadithi ya kale ya Kichina hupanda maporomoko ya maji akageuka kuwa joka. Mifuko hiyo huitwa koinobori, na ndilo jina la wimbo unaojulikana zaidi wa siku hiyo, uliochapishwa katika kitabu cha watoto mwaka 1931. Katika wimbo huo, koi mkubwa mweusi ni baba na wadogo ni watoto. Mama hayumo. Baadhi ya matoleo ya baadaye yaliongezewa ubeti unaompa mama koi mwekundu, lakini wimbo wa awali ulimwacha nje kabisa.

Kinaya ni kwamba maneno hayo yalitungwa na mwanamke. Kondo Miyako, aliyezaliwa mwaka 1907, hakuandikwa jina katika kitabu hicho, na kwa miongo mingi wimbo ulitajwa kama usio na mtunzi. Ilimlazimu kwenda mahakamani akiwa mzee. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufaa ya Tokyo ilithibitisha kwamba yeye ndiye mtunzi. Aliaga dunia mwaka 1999.

Wimbo mwingine wa tarehe hiyo ni Seikurabe, yaani kulinganisha vimo. Maneno ni ya Unno Atsushi na muziki ni wa Nakayama Shinpei, mmoja wa watunzi hodari wa nyimbo za watoto wa Japani. Mtoto anatazama alama iliyochanjwa kwenye nguzo ya nyumba, kaka yake alipompima kimo miaka miwili iliyopita. Kwa nini miwili wala si mmoja? Unno alikuwa kaka mkubwa, mzaliwa wa Shizuoka aliyeishi Tokyo, na inafahamika kwamba wimbo huo unatokana na mwaka ambao hakuweza kurudi nyumbani. Alifariki mwaka 1925 kabla hajatimiza miaka 30. Ni wimbo mchangamfu kwa sauti, lakini ndani yake mna pengo la mwaka mzima.

Kwa mpenzi wa mandhari, Natsu wa Kinu hauna mfano. Mshairi na msomi Sasaki Nobutsuna aliuandika kwa Kijapani cha kale, akayakusanya maua meupe ya uani, ndege wa msimu na wanawake wanaopandikiza mpunga. Kwa kalenda ya kale, majira ya joto huanza Mei 5 au 6, hivyo wimbo huo unasimama mlangoni kabisa mwa msimu mpya.

Chatsumi nao ni wimbo wa kuchuma majani chai, uliotiwa katika kitabu cha shule za msingi mwaka 1912. Unataja usiku wa 88 tangu mwanzo wa majira ya kuchipua kwa kalenda ya kale, ambao huangukia takriban Mei 2. Wajapani huamini kwamba chai iliyochumwa siku hiyo humpa mnywaji maisha marefu. Wachumaji katika wimbo wamevaa kofia pana za nyasi na ukanda mwekundu unaoinua mikono mipana ya vazi ili isiwazuie kazini. Leo kazi kubwa hufanywa kwa mashine, na wimbo umebaki kuwa mchezo wa watoto wa kupigiana makofi wawili wawili.

Siku ya Mama yenyewe ilipita njia ndefu. Mwaka 1931 ilifungamanishwa na Machi 6, siku ya kuzaliwa kwa Malkia wa wakati huo. Baada ya vita, Japani ilifuata Jumapili ya pili ya Mei, desturi iliyotoka Marekani na ambayo Wakenya pia wanaifuata. Mama hupewa maua mekundu ya kanesheni. Wimbo wa kumwimbia je?

Shule za chekechea zina jibu jepesi: Zo-san, wimbo wa ndovu. Mado Michio aliuandika na Dan Ikuma akautia muziki mapema miaka ya 1950. Mtoto wa ndovu anaambiwa kwamba pua yake ni ndefu, naye anajibu kwa fahari kwamba hata ya mama yake ni ndefu. Mado, aliyepata Tuzo ya Hans Christian Andersen mwaka 1994, alikuwa akieleza kwamba huyo ni mtoto anayetaniwa kwa umbo lake na asiyekubali kuona haya.

Watu wazima huuchagua Kasan no Uta wa Kubota Satoshi, uliotoka mwaka 1956. Kubota aliondoka kwao akiwa kijana, na mama yake alipopata anwani yake akawa anamtumia vifurushi. Katika wimbo, mama anafuma glavu usiku wa baridi kali na mikono yake imepasuka kwa kazi. Ni wimbo wa majira ya baridi, lakini huimbwa Mei bila mtu kulalamika.

Miwa Akihiro, aliyenusurika bomu la atomiki la Nagasaki akiwa na umri wa miaka 10, alikwenda mbali zaidi. Katika Yoitomake no Uta wa miaka ya 1960, mtoto anachekwa shuleni kwa kuwa mama yake ni kibarua wa kuvuta kamba za kushindilia udongo wa misingi ya majengo. Anatoroka akilia kwenda kumtafuta, anamwona akivuta kamba miongoni mwa wanaume, kisha anageuka na kurudi darasani. Kwa miaka mingi vituo vya biashara vya utangazaji viliuepuka kwa sababu ya maneno yanayowataja vibarua, yaliyodhaniwa kuwa ya dharau. Desemba 31, 2012, Miwa aliuimba katika tamasha la NHK la kufunga mwaka, akiwa na umri wa miaka 77.

Usio na kifani kwa huzuni ni Ganpeki no Haha, mama wa gatini, ulioimbwa kwanza na Kikuchi Akiko mwaka 1954 na kupata umaarufu mpya kwa sauti ya Futaba Yuriko katika miaka ya 1970. Kati ya 1945 na 1958, bandari ya Maizuru ilipokea Wajapani wapatao 660,000 waliorejeshwa kutoka ng'ambo, wengi wao wakitoka Siberia. Miongoni mwa waliokuwa wakisubiri gatini alikuwa Hashino Ise, ambaye wimbo huo unamhusu. Alisafiri kutoka Tokyo kila meli ilipotarajiwa, akimtafuta mwanawe, Shinji, aliyepelekwa vitani Manchuria. Serikali ilitoa hati ya kifo cha kijana huyo; mama hakuiamini. Alifariki mwaka 1981. Mwaka 2000 vyombo vya habari viliripoti kwamba Shinji alikuwa hai, akiishi Shanghai.