Watu Kumi wa Manowari Warren

Mnamo Februari 1777, Marekani ikipigania uhuru wake kutoka Uingereza, watu kumi wa manowari Warren walimshitaki mkuu wao, Esek Hopkins, mbele ya Bunge. Pamoja na mengine, walisema aliwatendea kikatili mateka Waingereza. Naam, walimtetea adui. Hopkins, ambaye kaka yake aliwahi kuwa gavana, alipofutwa kazi aliwafungulia kesi wawili kati yao, Samuel Shaw na Richard Marven, akidai wamemkashifu. Wakatiwa gerezani, wakaliandikia Bunge. Tarehe 30 Julai 1778 likatamka kwamba kufichua maovu ni wajibu wa kila mtumishi wa taifa. Sifa tupu zisingewatosha: liliagiza pia wapewe hati za kujitetea, likaahidi kulipa gharama za kesi. Mwaka 1779, vita vikiendelea, likalipa dola 1,418.