Uvimbe wa Ufizi kwa Mtoto Mchanga

Leo tuzungumze juu ya nyama inayoota kwenye ufizi wa mtoto. Mwingine huzaliwa nayo, na hapo jamaa huanza kunong'ona mambo ya uchawi.

Mwaka 1871 daktari Mjerumani, Ernst Neumann wa mji wa Königsberg, aliandika habari za mtoto aliyezaliwa na uvimbe kama huo. Ni yule yule aliyeonyesha mwaka 1868 kwamba damu hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa. Uvimbe huitwa epulisi, neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kilicho juu ya ufizi. Madaktari waliomfuata waliona mengi yanayofanana: watoto wa kike ndio wengi, uvimbe huota zaidi kwenye ufizi wa juu upande wa mbele, una rangi ya ufizi wenyewe, na mara nyingi huning'inia kwa kikonyo. Mmoja ni kama punje ya harage; mwingine hujaa mdomo hata mtoto ashindwe kunyonya.

Unaomzuia kunyonya au kupumua hukatwa hospitalini. Haurudi, hata kama mabaki kidogo yamesalia. Na midogo mingine hunywea yenyewe, kwa hiyo daktari anaweza kungoja huku akiutazama.

Basi mbona tusingoje nyumbani? Sababu iko hapa jirani. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alimwona mtoto aliyevimba taya pande zote. Mwaka 1958 akachapisha habari za watoto wa namna hiyo. Hii ilikuwa saratani, na leo ina jina lake. Huwapata watoto wakubwa kidogo, hukua upesi mno, na meno hulegea. Ikiwahiwa, hutibika kwa dawa. Kwa macho tu, mimi na wewe hatuwezi kutenganisha kila uvimbe.

Wale wanaong'oa "meno ya plastiki" nao hawawezi. Kile kivimbe cheupe wanachokichokoa kwa msumari mtoto anapoharisha ni jino la chonge linalosubiri kutoka. Mtoto hubaki na kuhara kwake, na juu yake kidonda, damu na hatari ya pepopunda.

Uvimbe ukikatwa hospitalini, mama, uliza majibu ya maabara yatatoka lini. Kipande hupimwa kwa darubini, na hapo ndipo daktari hujua kwa hakika ni epulisi au ni kitu kingine.