Vyoo vya vijijini na uongozi wa wanakijiji

Mwishoni mwa mwaka 1999 mtaalamu kutoka India, Kamal Kar, alifika katika kijiji cha Mosmoil, eneo la Rajshahi nchini Bangladesh, kutathmini mradi wa vyoo uliofadhiliwa na shirika la WaterAid la Uingereza. Kwa miaka mingi mashirika yalikuwa yakitoa ruzuku ya ujenzi wa vyoo, na bado watu wengi waliendelea kujisaidia mashambani. Ushauri wake ulikuwa kwamba ruzuku ikomeshwe na wanakijiji waitazame hali yao kwa macho yao wenyewe.

Ushauri huo ndio asili ya mbinu ambayo tangu hapo imeenea katika makumi ya nchi za Asia na Afrika, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda. Kiini chake si saruji wala mabati. Ni uamuzi wa kijiji kizima kwamba hakuna hata mtu mmoja atakayekwenda haja kubwa vichakani, kwa kuwa kaya moja inayoendelea hivyo hulisha nzi wa kaya zote.

Siku ya ramani

Kazi huanza kwa mkutano wa hadhara, aghalabu chini ya mti. Wanakijiji huchora ramani ya kijiji juu ya ardhi, kila mmoja akionyesha nyumba yake, kisha humwaga unga wa rangi au majivu pale anapojisaidia. Muda si mrefu ramani hujaa, na baadhi ya alama huangukia karibu na kisima. Baada ya hapo wote hutembea hadi vichakani, husimama penye kinyesi, na hawaruhusiwi kuharakisha kuondoka.

Zoezi linalokumbukwa zaidi ni la glasi ya maji. Mgeni huuliza nani yuko tayari kuyanywa; wengi hukubali. Kisha huchukua unywele, huugusisha kwenye kinyesi, huuchovya katika maji na kuwapa tena. Hakuna anayekubali. Ndipo huuliza: nzi ana miguu mingapi? Sita, yenye vinyweleo. Mgeni hasemi zaidi, wala hahubiri. Hitimisho kwamba wanakula kinyesi cha jirani zao hutoka vinywani mwa wanakijiji wenyewe.

Kwa Mtanzania aliyekwisha kuvuka umri wa miaka 60, baadhi ya haya si mageni. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kila kikundi na kiongozi wake, na vyoo vingi vilichimbwa. Tofauti ni kwamba mwaka ule somo lilitoka redioni, ilhali sasa hutoka kwa wanakijiji wenyewe.

Kiongozi asiyechaguliwa

Katika mkutano huo aghalabu kuna mtu anayesimama na kusema kwamba ataanza kuchimba kesho. Wataalamu humwita kiongozi wa asili. Mara nyingi si mwenyekiti wa kitongoji; huweza kuwa mjane, mkunga, kijana asiye na kazi, au hata mtoto wa shule. Kuanzia hapo mzigo huwa wake: kupita nyumba kwa nyumba, kuwapanga vijana wamchimbie ajuza asiye na nguvu, kukumbusha watu kutundika kibuyu chirizi cha kunawia mikono.

Kiongozi wa namna hii hujua mambo ambayo bwana afya kutoka mjini huenda asiyajue. Katika baadhi ya jamii za Kenya, magharibi na pwani, ni mwiko baba mkwe kutumia choo kimoja na mkaza mwana. Boma lenye choo kimoja, ambalo katika hesabu za serikali limekwisha kupata choo, kwa kweli lina mtu anayekwenda vichakani usiku. Kuchimba shimo la pili, au kuzungumza na wazee ili mwiko ulegezwe, si jambo la mgeni.

Wenye madaraka nao wana nafasi yao. Wilayani Choma, kusini mwa Zambia, ambako mbinu hii iliingia mwaka 2007, Chifu Macha aliifanya kazi ya vyoo kuwa yake, na eneo lake likawa mfano kwa machifu wengine. Nchini Kenya serikali ilizindua mwaka 2011 kampeni ya kuondoa tatizo hili vijijini kote ifikapo 2013. Nambale, huko Busia, ilifaulu. Nchi nzima haikufaulu.

Aibu, na baada ya sherehe

Aibu ni silaha yenye makali pande mbili. Nchini India ziliripotiwa kamati za vijiji zilizowapiga picha watu waliokutwa vichakani, au kuwatishia kuwanyima chakula cha mgawo. Waathirika walikuwa maskini wasio na ardhi ya kuchimba. Huo si uongozi, ni ubabe, na pale unapotumika choo hujengwa kwa ajili ya mkaguzi.

Utafiti wa shirika la Plan uliochapishwa mwaka 2013, katika Ethiopia, Kenya, Uganda na Sierra Leone, ulikuta kwamba asilimia 87 ya kaya katika vijiji vilivyokwisha kutangazwa safi bado zilikuwa na choo kinachotumika. Maji na sabuni ya kunawa mikono vilipatikana kwa nadra zaidi. Nchini Mali, utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba vyoo viliongezeka sana na watoto wadogo walirefuka zaidi, lakini kuhara hakukupungua.

Penye mchanga au mafuriko, shimo lisilojengewa huporomoka mvua ya kwanza. Kuchimba mara ya pili ni kugumu kuliko ya kwanza, na anayetarajiwa kuwahimiza watu ni yule yule kiongozi, bila posho. Mwaka 2023 Kenya ilianza kuwalipa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ikitoka serikali kuu na nusu kaunti. Kiongozi wa asili aliyeibuka siku ya ramani hamo katika orodha hiyo, ila awe naye amesajiliwa kuwa mhamasishaji.