Senti ya tundu ya 1936: kabla hujauza, geuza pande zote mbili

Hapa kwetu Malindi na Kilifi, nyumba nyingi za wazee hazikosi kijaluba chenye senti za tundu za enzi za mkoloni. Siku hizi madalali wanazisaka, na mwenye senti 10 ya mwaka 1936 huambiwa amelala na utajiri. Naulizwa sana juu ya jambo hili, basi nieleze.

Sarafu hupigwa kati ya mihuri miwili ya chuma, kila upande na muhuri wake. Fundi akitia muhuri usio mwenzake, hutoka sarafu ya nasaba mbili. Wakusanyaji huiita nyumbu. Si yule wa mbugani, bali mtoto wa punda na farasi.

Nyumbu anayetuhusu ni wa 1936. Mwaka huo Edward wa Nane alishika ufalme wa Uingereza Januari 20, akauacha Desemba 11 kabla ya kuvishwa taji. Kiwanda cha Heaton cha Birmingham, chenye alama ya H, kilipiga senti 10 yetu ya Afrika Mashariki na pia peni ya Afrika Magharibi. Zote zina tundu, taji na jina la mfalme huyo, na ukubwa unakaribiana. Mihuri ikachanganyika, zikatoka peni za Afrika Magharibi zenye upande wa taji wa senti yetu. Hizo ndizo adimu.

Senti 10 ya kawaida ya mwaka huo, yenye pembe za ndovu na maneno EAST AFRICA, ilipigwa kwa wingi. Jina la Edward peke yake halileti mamilioni.

Hata mihuri kuchanganywa si lazima kulete bei. Hela 20 za Wajerumani zilizopigwa Tabora mwaka 1916 zina taji kubwa na taji dogo, zikioanishwa na migongo tofauti, lakini ni nyingi.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, soma pande zote mbili. Kagua ukingo: mstari wa kiungo maana yake ni nusu mbili zilizogandishwa. Kosa la kweli hutoka kiwandani. Kupondwa na kuchakaa si kosa la kiwanda. Usiisugue kwa ndimu na mchanga, utaishusha thamani. Na anayekudai ada kabla hajanunua, huyo si mnunuzi. Mrudishe alikotoka.